Mshono Nje

Kama kuna jambo ambalo Mama Dirisha hakukubali kuambiwa, ni kwamba anawauzia sigara watoto wa shule. Angekula kiapo mbele ya yeyote, mkono mmoja kifuani na wa pili bado umeshika pakiti. "Mwanafunzi mwenye sare simuuzii," angesema, "hata aje na hela ya kununua duka zima." Na kweli, mwanafunzi mwenye sare hakuwahi kununua sigara kwenye dirisha lile. Kila aliyefika pale alikuwa ameshavua shati kwenye kona ya ukuta, akaligeuza ndani nje, akalivaa tena, nembo ya shule ikalala kwenye ngozi ya kifua chake bila kuonekana na mtu.

Dirisha lenyewe lilikuwa la chumba cha mbele, limetobolewa kwenye ukuta unaotazama kichochoro cha nyuma ya shule. Mumewe ndiye aliyelitoboa enzi za nguvu zake, akachomelea nondo na kuacha nafasi ya kupitisha mkate. Humo zilipita sabuni, viberiti, biskuti, chumvi ya vipimo, na sigara za moja moja. Sigara ndiyo iliyomleta mteja. Biskuti ilifuata tu. Na tofauti ya mteja mkubwa na mteja mdogo Mama Dirisha aliijua barabara: watu wazima walikopa, kisha wakaanza kupita njia nyingine. Watoto walilipa papo hapo na hawakungoja chenji.

Mambo ya kugeuza shati yalianza kwa mzaha. Mwalimu mkuu alikuwa amezunguka maduka yote ya jirani akionya kwamba atakayemuuzia sigara mwanafunzi aliyevaa sare atafungiwa biashara. Haukupita muda, kijana mmoja mwembamba, wenzake wakimwita Kifimbo, alisimama dirishani huku nyuzi zinaning'inia mabegani mwake.

"Nini hicho umevaa?" Mama Dirisha aliuliza.

"Mshono nje, mama. Hii si sare."

Alicheka mpaka akajishika kwenye nondo. Kisha akamuuzia. Tangu siku hiyo yakawa mazoea: kengele ya mapumziko inalia, kivuli kinasimama dirishani, yeye anauliza "Mshono nje?" na sauti inajibu "Mshono nje, mama," basi, biashara imekwisha. Hakuwatazama usoni. Alitazama mshono.

*

Binti yake wa pekee alisoma shule hiyo hiyo, darasa la mwisho, na hakuwa na habari. Wakati wa mapumziko alikuwa maktaba au kwenye vikundi vyake, na wenzake walijua cha kumficha. Yeye alijua mama anawauzia sigara madereva na wabeba mizigo. Hata hilo halikumpendeza, lakini alijua pia nani anawalisha tangu baba yake, Fundi, aache kazi. Mwanga wa kuchomelea ulikuwa umemla macho kidogo kidogo, na siku hizi Fundi alikaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, akiwatambua watu kwa sauti na kwa jinsi wanavyoburuza viatu.

Siku binti alipokuja na beji, aliingia mbio kama anafukuzwa.

"Mama, nitazame!"

Ilikuwa beji ya kijani ya duara, imeandikwa MWELIMISHAJI RIKA. Mama Dirisha alimwacha dereva wa lori mkono wake ukiwa umening'inia kwenye nondo, akaja kuishika ile beji kwa vidole viwili kana kwamba ina moto.

"Wee! Mwanangu kawa mwalimu?"

"Siyo mwalimu, mama. Rika. Tunawafundisha wenzetu, sisi kwa sisi. Mwalimu hakai darasani kabisa."

"Mnawafundisha nini?"

"Kuhusu tumbaku. Inavyoumiza mwili, na ujanja wanaotumia kutushawishi."

Dereva wa lori alicheka kule nje. "Mama Dirisha, leo umepatikana! Nipe mbili basi, kabla mwalimu hajaanza kipindi."

"Nyamaza wewe. Mtu mzima, mapafu ni yako." Akampa mbili, akamtazama mpaka akaondoka.

"Lakini mama, wewe huwauzii wanafunzi, eti?"

"Mwenye sare? Hata siku moja."

"Nilijua tu. Kuna mmoja leo alianza kuzungukazunguka na maneno, nikamwambia mama yangu mimi simtilii shaka. Akaufyata."

Mama Dirisha alirudi kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. Furaha yake ilikuwa ya kweli, jamani, tusimnyime. Yeye mwenyewe shule aliiacha njiani, na hapa mwanawe alikuwa amechaguliwa kusimama mbele ya watu na kusikilizwa. Jioni ile alimsimulia kila mteja habari ya beji, hata wale wanaodaiwa.

Fundi naye alitaka kuelewa hiyo kazi ni ya namna gani. Binti aliketi miguuni pake akamweleza alivyofundishwa na dada wa mradi wa kupinga tumbaku, msichana fulani aliyekuja shuleni na mabango.

"Anasema sisi tuna kitu kimoja tu ambacho walimu hawana, baba. Wenzetu wanatuamini. Mwalimu akidanganya leo, kesho bado ni mwalimu. Sisi tukidanganya mara moja tu, hakuna atakayetusikiliza tena. Tumekwisha."

"Kazi ngumu hiyo," Fundi alisema. "Ngumu kuliko yangu."

*

Ikaja siku ya wazazi, na kikundi cha binti kikapangiwa kuonyesha mchezo: mtoto anakwenda kununua sigara dukani, mwenzake anamzuia. Hakuna aliyetaka kuwa muuzaji, maana wote walitaka kuwa yule mwema, kwa hiyo binti akaibeba sehemu hiyo mwenyewe. Akawa anafanya mazoezi nyumbani, baba yake akiwa ndiye mtoto mnunuzi.

"Karibu, mtoto mzuri!" binti alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Nunua sigara yetu, ni tamu sana."

"Shikamoo, mama muuza moshi," alijibu Fundi kwa sauti nyembamba ya kitoto. "Nipe hiyo sigara tamu nife mapema."

"Baba, usiharibu!"

Mama Dirisha alikuwa pembeni akifunga chumvi kwenye vikaratasi. Alivunjika mbavu. Tatizo la mama huyu ni kwamba alikuwa hodari wa kazi yake, na mtu hodari akiona kazi yake inaigizwa vibaya hawezi kukaa kimya, hata kama kukaa kimya ndiyo usalama wake.

"Sasa hapo mnauza sigara au mnauza asali?" alisema. "Muuzaji gani anambembeleza mtoto? Mtoto anakuja mwenyewe. Muuzaji hana hata haja ya kuinua kichwa."

"Kumbe anafanyaje?"

"Hebu niachie kiti."

Akaketi. Akainamisha uso, kiganja kimoja mbele, wazi, cha kupokelea hela, na kingine kikipapasa mezani kutafuta pakiti bila kuiangalia. Alifanya vizuri mno. Kisha, kwa sauti ya uchovu ya mtu mwenye shughuli nyingi, akasema:

"Mshono nje?"

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza binti.

Hapo ulimi ulikuwa umeshateleza. Mama Dirisha alishika kikaratasi cha chumvi, akakifunga upya.

"Mambo ya kusikia tu. Wateja wanasimulia. Eti kuna duka moja kule ng'ambo ya barabara kuu, watoto wanageuza mashati ili isionekane sare. Muuzaji anawauliza hivyo, nao wanajibu hivyo hivyo. Basi."

Binti alimkodolea macho, kisha akaruka akamkumbatia shingoni. "Mama! Hilo ndilo! Vikundi vyote vina mambo ya kutunga, sisi tutakuwa na la kweli!"

Nyuma ya pazia Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa nyumba hiyo mchana kutwa na masikio mazima.

Usiku, binti alipokwisha lala, Fundi alisema taratibu, "Mke wangu, hilo neno asilitumie."

"Nimwambie nini? Atauliza kwa nini."

"Utajua wewe."

Kulipokucha Mama Dirisha alijaribu. Alingoja mpaka binti ameshika mlango, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Hilo la mshono liache, mwanangu. Watu watasema mnatoa siri za watu."

"Siri za nani, mama?"

Mbele ya Mama Dirisha alikuwa mtoto aliyemtetea shuleni kifua mbele, beji imenyooka. Angesema nini? Alichoweza kupata ni hiki tu: "Basi weka kibanda. Usiweke dirisha. Kibanda kinaonekana vizuri jukwaani."

"Sawa," binti alisema. "Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa, mama. Usichelewe."

*

Mama Dirisha alitaka kuumwa siku hiyo. Aliamka akajisikiliza tumbo, kichwa, mgongo, kila mahali pazima. Akavaa gauni lake la kutokea, akafunga dirisha kwa kufuli, akaenda.

Kiti cha mbele kilikuwa mbele kweli, hatua chache tu kutoka jukwaani, na kulia kwake aliketi mshonaji wa sare za shule, mwanamke mnene mchangamfu ambaye kila mwaka aliwapima watoto wa mtaa mzima. Mshonaji huyo ndiye mama yake Kifimbo.

"Hongera, jamani!" alimnong'oneza. "Mwanao ndiye kiongozi wao. Wangu mimi hata kujitolea kufagia hajitolei."

"Wote ni wetu," alisema Mama Dirisha.

Mchezo ulianza. Walikuwa wameweka meza na boksi la katoni lililoandikwa DUKA. Binti alikaa nyuma ya boksi, uso chini, kiganja mbele. Mama yake alijiona mwenyewe pale, kuanzia namna ya kuinamisha bega mpaka kidole kidogo kilivyokunjwa. Msichana mwingine aliyeigiza mvulana alifika na shati lililogeuzwa.

"Mshono nje?" alisema binti.

Ukumbi ulilipuka. Wanafunzi waliokuwa wamesimama nyuma walipiga kelele, wakagonga madawati, wengine wakainama kwa kucheka. Wazazi nao wakacheka, kwa kuwa kicheko kinaambukiza. Binti akatabasamu, akadhani mchezo umewapendeza. Kisha kelele zikaanza kupungua kwa namna ya ajabu. Vichwa viligeuka, safu kwa safu, vikaelekea upande mmoja, kwenye kiti cha mbele. Binti alifuata yale macho kuona yanaangalia nini. Yalimfikisha kwa mama yake.

Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilibaki usoni, halina mwenyewe. Mwenzake alikuwa amekwisha sema "Mshono nje, mama," na alikuwa anangoja apewe sigara ya karatasi, na binti hampi, anamtazama tu mwanamke wa kiti cha mbele. Mama Dirisha angeweza kufanya mengi wakati ule. Angeweza kucheka, kushangaa, kugeuka nyuma kama anayetafuta anayeangaliwa. Aliangalia chini. Na mtoto wake alimjua vizuri mno, hakuweza kukosa kuelewa maana ya hilo.

"Wanatuangalia nini sisi?" mshonaji aliuliza. Kisha akajipiga paja. "Ala! Mshono nje! Ndiyo maana! Vifungo vya mwanangu vinang'oka kila juma, nami nasema huyu mtoto anapigana, kumbe anavifunga kwa ndani! Nilimtia fimbo bure kwa ajili ya vifungo!" Alimshika Mama Dirisha mkono. "Nikimjua mwenye duka hilo, wallahi, huu mkasi wangu utakuwa na kazi. Wewe ungemfanyaje?"

"Hata mimi," alisema Mama Dirisha.

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi ningemkata."

Mchezo ulimalizika hivi hivi, binti akisema maneno yaliyobaki kama anayasoma ukutani. Mwalimu mkuu alipanda jukwaani akipiga makofi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuatilia mambo tu.

"Vizuri sana. Sasa mimi nina swali. Hili la kugeuza mashati limenigusa. Wanafunzi wamecheka sana, na mtu hachekei asichokijua. Kiongozi wa kikundi, tuambie ukweli, sisi hapa ni wazazi watupu. Duka hili lipo?"

Nyuma ya ukumbi palikuwa na darasa zima la watoto waliojua jibu, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kuambiwa na huyu huyu msichana kwamba rika halidanganyi rika. Dada wa mradi alikuwa ameshika simu akipiga picha. Mama Dirisha alishikilia kingo za kiti. Alitaka mtoto aseme na hakutaka aseme. Alitaka ardhi, kama ina mdomo, iufungue.

"Halipo, mwalimu," alisema binti.

"Una hakika?"

"Tumelitunga sisi. Mimi ndiye niliyelitunga."

Wazazi walipiga makofi kwa ubunifu. Mshonaji alipumua, "Alhamdulillahi." Kutoka upande wa wanafunzi hakukutoka sauti yoyote, na ukimya ule binti aliusikia kuliko makofi yote.

*

Binti alirudi nyumbani jioni, akapita bila salamu, akaweka mkoba chini. Mama alikuwa amempakulia. Chakula kilikaa mpaka kikaganda.

"Ulinifundisha maneno yako mwenyewe," binti alisema mwishowe. "Ukaniacha nikayaseme mbele ya shule nzima."

"Nilikwambia uyaache."

"Ulisema niweke kibanda!"

Mama Dirisha alijaribu la kawaida, la chakula na kodi na dawa za macho ya baba, na yote yalikuwa kweli, lakini kila alichotaja alikiona kinamrudia mtoto shingoni, kwa kuwa mtoto naye alikula chakula hicho na kulala chini ya kodi hiyo.

"Kwa hiyo ni kwa ajili yangu," alisema binti.

"Sikusema hivyo."

"Hata sare yangu hii. Wamenunua wao."

Fundi alikohoa nyuma ya pazia. "Mimi nilikuwa nasikia," alisema. "Kila siku nilikuwa nasikia. Usimlaumu mama yako peke yake. Nilisikia nikanyamaza, nikala."

Binti alilia hapo. Si kilio cha makelele. Alilia kama mtu mzima, mkono mdomoni. Mama alimkaribia, akakataliwa, akamkaribia tena. Roho ilimuuma kiasi kwamba aliona afadhali angetajwa pale jukwaani, afungiwe na watu wa jiji, mshonaji amjie na mkasi wake. Angekuwa na aibu moja tu ya kubeba, tena ya kwake. Sasa mtoto ameichukua akaivaa.

"Sikiliza," alisema. "Kuanzia kesho mtoto yeyote simuuzii. Ageuze, asigeuze. Tutashinda na wakubwa. Biskuti nitaongeza. Nakuapia."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Na alikuwa anamaanisha. Alipima chumvi usiku huo kwa moyo mwepesi kidogo, na binti akala vijiko viwili vitatu kabla ya kulala.

*

Asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, kivuli kilisimama dirishani. Alikuwa Kifimbo. Shati lake lilikuwa limevaliwa upande wake, limechomekwa, tai imekazwa, nembo ya shule inang'aa kifuani.

"Moja, mama."

"Simuuzii mwanafunzi."

"Hujauliza mshono."

"Siulizi tena. Nenda shule."

Kifimbo hakuondoka. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililomtisha Mama Dirisha. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake hesabu.

"Mama, jana kasema duka halipo. Tumesikia wote, tukanyamaza. Hakuna aliyekutaja. Sasa duka ambalo halipo, mtu ageuze shati la nini? Nani ataniona?"

"Nimesema nenda."

"Ukituzuia watu watakasirika. Si mimi, mimi sina neno. Lakini hawatakosekana wa kusema. Wakisema duka lipo, mwalimu mkuu atauliza nani alimwambia halipo. Watamvua beji mbele ya watu, mama. Atawafundisha nani tena?"

"Mama yako ananifahamu vizuri."

"Ndiyo. Nimpelekee salamu zako?"

Mama Dirisha aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu biashara ile ianze alimtazama mteja wake. Aliona chunusi kwenye paji la uso, na dawa ya meno iliyomkauka pembeni ya mdomo, mtu aliyeharakishwa na mama yake asichelewe shule. Alikuwa mtoto. Mtoto mtupu! Na huyu mtoto alikuwa amembana ukutani kwa hoja ambayo yeye, mtu mzima, hakuwa na pa kuitokea. Akimuuzia, alichosema binti jukwaani kinazidi kuwa uongo. Asipomuuzia, uongo wenyewe unafichuka.

Alisikia pumzi nyuma yake. Binti alikuwa amesimama pale, amekwisha vaa, mkoba begani. Haikujulikana ameanza kusikiliza saa ngapi.

Sema nisimpe, mama alimwomba kimoyomoyo. Sema neno moja tu, mwanangu, na dirisha hili nalifunga leo hii, tutakula tutakachopata. Alikuwa tayari. Mtu akimwambia baadaye kwamba hakuwa tayari, angemkatalia.

Binti alinyoosha mkono, ukapita ubavuni mwa mama yake. Alichukua pakiti, akaigonga kitako, akatoa sigara moja, akaipitisha katikati ya nondo. Uso wake ulikuwa chini. Hakumtazama mnunuzi.

"Chukua," alisema. "Pita njia ya nyuma."

Hata Kifimbo alisita. Mkono wake ulikuja polepole, kana kwamba alichotaka hasa ni kunyimwa. Kisha akachukua, akaacha hela kwenye ubao.

"Asante, mwalimu," alisema, na haikuwa dhihaka. Alikuwa hajui amwite nani.

Alipoondoka, Mama Dirisha alimshika binti kifundo cha mkono. "Kwa nini umefanya hivyo? Nilishamkatalia. Nilishaapa!"

"Wape tu, mama."

"Hapana."

"Wape. Wakija wakati wa mapumziko usibishane nao. Ni mpaka nimalize shule." Alisema hivyo kwa sauti ya utulivu, ya uchovu kidogo, sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, na Mama Dirisha aliijua sauti hiyo imetoka wapi.

Binti alijitoa mkononi mwake. Alisimama mbele ya kioo cha ukutani, akanyoosha beji iliyokuwa imepinda.

"Leo unafundisha nini?" mama aliuliza.

"Darasa la tano. Namna ya kukataa."

Akatoka. Nyuma ya pazia Fundi alisikiliza viatu vyake mpaka vikachanganyika na vya watoto wengine.

"Amekwenda?" aliuliza.

"Amekwenda."

Mama Dirisha aliiacha ile hela juu ya ubao asubuhi yote, akauza chumvi, akauza sabuni, akakata mkate. Kengele ya mapumziko ilipolia alikuwa ameshafungua pakiti mpya.